Sanaa na sayansi ukumbini: njia nne za maonyesho na namna ya kuchagua

Mtu akiamua kuandaa maonyesho ya kukutanisha sanaa na sayansi, mara nyingi watu anao tayari. Kuna mchoraji anayemfahamu, kuna mtafiti aliyesoma naye, pengine hata ukumbi wa shule umeshaombwa. Anachokosa ni umbo la kazi. Hao wawili wakutane wapi, kwa muda gani, na siku ya ufunguzi watu waone nini? Swali hili nimeletewa na mwalimu wa fizikia, na mchongaji, na dada mmoja anayetafiti mambo ya bahari, na kila mmoja nilimjibu tofauti.

Nianze na kosa nililoshiriki mwenyewe. Tuliandaa maonyesho madogo kuhusu mvua na kilimo. Mtafiti alitutumia grafu zake kwa barua pepe, mchoraji akazigeuza kuwa michoro sita ya rangi za kuvutia. Walionana kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi, wakapeana mikono mbele ya kamera. Michoro ilisifiwa sana. Lakini mtafiti aliondoka na maswali yale yale aliyokuja nayo, na mchoraji hakuwahi kuuliza kwa nini mstari ule ulishuka mwaka ule na si mwaka mwingine. Tulikuwa tumepamba takwimu, basi. Tangu siku hiyo uzuri wa kuta haunitoshi.

Vipimo ninavyotumia

Ninavyo vinne, na cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote: nani anambadilisha nani? Yaani, msanii anaweza kumfanya mwanasayansi aione kazi yake upya? Na mwanasayansi ana nafasi ya kumwambia msanii, "Hapana, hivyo sivyo"? Cha pili ni muda, fedha na vifaa. Cha tatu ni kazi ya mtazamaji: anatazama tu, anagusa, anajaribu, au anatengeneza? Cha nne ni kile kinachobaki taa zikishazimwa.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ukaazi. Msanii anahamia kituo cha utafiti kwa wiki au miezi, anahudhuria vikao, anakula na watafiti, halafu anatengeneza kazi. Mfano ulio karibu nasi ni wa Kilifi. Taasisi ya Wellcome ya Uingereza iliwaweka wasanii katika vituo vya utafiti wa tiba vya nchi sita: Kenya, Malawi, Afrika Kusini, Thailand, Vietnam na Uingereza kwenyewe. Katika kituo cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, ambacho taasisi hiyo inakiendesha pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walikaa Miriam Syowia Kyambi na James Muriuki. Mwishoni mwa 2013 kazi za vituo hivyo zilikusanywa London katika maonyesho yaliyoitwa Foreign Bodies, Common Ground. CERN, kituo cha fizikia cha Geneva, nacho kimekuwa kikipokea wasanii kwa utaratibu rasmi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Ya pili ni kazi moja mahali pa wazi. Hapa mfano wangu ni Ice Watch, ya msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing kutoka Greenland. Mapande ya barafu yaliyokwisha kumeguka na kuelea baharini karibu na Nuuk yalichukuliwa yakaachwa yayeyuke katikati ya Copenhagen mwaka 2014, Paris 2015 na London 2018.

Ya tatu ni kazi ya mikono mingi, ambamo umma ndio unaotengeneza. Mfano ni Crochet Coral Reef, bustani ya matumbawe iliyofumwa kwa kroshia. Waliianzisha mwaka 2005 pacha wawili wenye asili ya Australia, Margaret na Christine Wertheim, wakiwa Los Angeles.

Ya nne naiita karakana ya kuchezea. Ndiyo njia ya Exploratorium ya San Francisco, iliyofunguliwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wa Robert Oppenheimer aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Huko kifaa cha maonyesho hujengwa karakanani humo humo, na mgeni anakigeuza na kukichokoa apendavyo. Wasanii walianza kualikwa kwa mpango maalumu mwaka 1974.

Nani anambadilisha nani

Hapa nitakaa zaidi kwenye kroshia, kwa sababu kisa chake kinanigusa kila ninapokisimulia.

Tangu karne ya 19, kupitia kazi za Lobachevsky na Bolyai, wanahisabati walijua kwamba iko jiometri ambamo ukiwa na mstari mmoja na nukta iliyo pembeni yake, unaweza kupitisha kwenye nukta hiyo mistari mingi isiyokutana na ule wa kwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba ni mmoja tu. Kuiandika kwa alama waliweza. Kuushika mkononi uso wa namna hiyo ndiko kulikowashinda, maana mifano ya karatasi iliyobandikwa ilikuwa dhaifu na ilichanika. Mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, alichukua uzi na sindano ya kroshia. Alifuma, na kila baada ya idadi ile ile ya vitanzi akaongeza kimoja. Kitambaa kikaanza kujikunja pembezoni kama jani la sukuma wiki. Uso wenyewe ndio huo: unaukunja, unaushonea mistari, unawapa wanafunzi waushike, na hauchaniki.

Mama yeyote aliyewahi kufuma kitambaa cha kochi akazidisha vitanzi, kikajikunjakunja na kukataa kulala, ameshaishika jiometri hiyo. Hakuambiwa tu jina lake. Na matumbawe nayo yana mikunjo ya aina hiyo. Pacha wa Wertheim walipoanza kuivuruga kanuni ya Taimina, wakiongeza vitanzi vingi hapa na vichache pale, maumbo yao yalizidi kufanana na viumbe hai. Kwa hiyo ufundi wa mikono uliipa hisabati kitu ambacho haikuwa nacho, na hisabati ikaupa ufundi huo njia mpya ya kuumba. Mazungumzo ya kweli ninayajua kwa dalili hiyo.

Lakini kuna tahadhari. Wafumaji wengi wanaojiunga baadaye hawakutani na mwanahisabati wala mtaalamu wa bahari. Mratibu asipomleta mtu huyo akae nao wakati sindano ziko mikononi, mtapata matumbawe mazuri ya uzi na hakuna kitakachokuwa kimezungumzwa.

Ukaazi una nafasi kubwa ya mabadiliko ila hauna dhamana. Huko Kilifi, Kyambi na Muriuki walibuni Pata Picha, studio ya kupigia picha ambamo watu walijichagulia mavazi na vifaa vya kupigwa navyo. Ninavyoielewa kazi ile, waliliondoa swali kwenye ugonjwa wakalipeleka kwenye uhusiano: mtafiti anaonekanaje machoni pa mtu anayetolewa damu, na mtu huyo anapenda kuonekanaje? Utafiti wa tiba huchukua damu, na damu si jambo dogo kwa mtu wa Pwani wala wa popote. Takwimu peke yake haziwezi kulifungua swali hilo. Kwa upande wa CERN, msanii hupatiwa mwanafizikia wa kuzungumza naye. Mcheza dansi Gilles Jobin, aliyekaa huko mwaka 2012, alitoka na dansi iitwayo Quantum. Hata hivyo hakuna anayetarajia majaribio ya CERN, yanayogonganisha chembe ndogo mno ndani ya mashine yenye mzunguko wa kilomita 27, yapangwe upya kwa sababu ya dansi. Mzani huegemea kwa mwenye nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami naona ukaazi unafaulu pale tu msanii anapopewa jembe: nafasi ya kuuliza kikaoni, kesi ya kufuatilia, jambo la kufanya zaidi ya kutembezwa.

Ice Watch ina usawa wa wazi. Rosing hakuwa mshauri wa pembeni, jina lake limesimama pamoja na la Eliasson. Ila mashauriano yao yalikwisha kabla barafu haijashushwa, na mpita njia hukutana na jibu lililokwisha kukubaliwa.

Exploratorium mwamuzi ni kifaa. Msanii Bob Miller aliupitisha mwanga wa jua kwenye vioo na miche ya kioo (prizimu), rangi zikatandazwa ukutani, na ukisimama katikati unazikata kwa kivuli chako. Ni mchoro, na ni somo la mwanga. Kisipoonyesha kinachodaiwa, mwanasayansi atasema. Kisipovutia, mgeni atapita bila kusimama. Hakuna anayeweza kujificha nyuma ya taaluma yake.

Muda, fedha na vifaa

Ice Watch ndiyo nzito kuliko zote, kwa maana zote za neno hilo. Paris yaliwekwa mapande 12 kwa duara kama saa, jumla yake tani 80 hivi, wakati mataifa yakijadili tabianchi mjini humo. London yalikuwa 24 mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern na mengine 6 mbele ya ofisi za kampuni ya Bloomberg, waliokuwa wafadhili. Kusafirisha barafu kunachafua hewa, na waandaaji walilikabili hilo kwa kutangaza hesabu yao: ya Paris ilikadiriwa kuwa tani 30 za hewa ya ukaa. Nawaheshimu kwa uwazi huo. Lakini gharama hiyo ni ya barafu, si ya njia yenyewe. Kazi moja mahali pa wazi inaweza kuwa kopo la rangi. Fikiria mtaalamu wa maji na mchoraji wakipita Jangwani, Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba kwa idhini ya wenyewe, wakichora mstari wa buluu pale maji ya mafuriko yalipofika kila mwaka wanaoukumbuka wakazi.

Ukaazi unadai posho, malazi, na kitu ambacho bajeti nyingi hukisahau: saa za mtafiti. Asipopunguziwa kazi nyingine atakuwa anamkwepa msanii baada ya wiki ya pili. Kukiwa na wagonjwa au watoto, zipo pia kamati za maadili na fomu za ridhaa, na hilo linaweza kula miezi kabla ya picha ya kwanza kupigwa.

Kroshia ni uzi, sindano, chai na mahali pa kukaa. Fedha ni kidogo, muda ni mrefu. Maonyesho ya mwaka 2022 katika jumba la makumbusho la Frieder Burda, Baden-Baden, Ujerumani, yalikusanya vipande zaidi ya 40,000 kutoka kwa wafumaji wapatao 4,000. Huna haja ya kuufikia ukubwa huo. Wanawake thelathini wanaokutana kila Jumamosi kwa miezi mitatu wanajaza chumba. Usidharau tu kazi ya kupanga. Vipande vilivyorundikwa bila jicho la msanii huonekana kama mnada wa mitumba.

Karakana inataka seremala, fundi umeme na, zaidi ya yote, fungu la ukarabati. Kitu kinachoguswa na watoto mia kwa siku kitavunjika, na kifaa kilichobandikwa karatasi ya "kibovu" kinaua hamu ya ukumbi mzima. Nafuu ni kwamba Exploratorium ilianza miaka ya 1970 kuchapisha maelekezo ya kujengea vifaa vyake ili wengine waige. Hakuna sababu ya kuanzia sifuri.

Mtazamaji anafanya nini

Kwenye barafu watu waligusa, walikumbatia, waliegesha masikio. Barafu ile ikiyeyuka hutoa milio midogo, viputo vya hewa iliyobanwa humo maelfu ya miaka vikipasuka. Mwili unaelewa kabla kichwa hakijaelezwa. Kwa haraka ya kugusa moyo, sijui njia inayoishinda. Kwa kufundisha jambo lenye hatua nyingi, si ya kutegemea peke yake.

Kwenye karakana mgeni anakuwa mtafiti kwa dakika tatu: anabadilisha kitu kimoja, anaona kinachofuata, anajaribu tena. Mtoto ambaye hawezi kukaa kimya mbele ya mchoro hapa yuko nyumbani.

Kwenye kroshia mpaka kati ya mtazamaji na mtengenezaji unafutika, na majina ya wafumaji huandikwa pamoja na kazi. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Bibi anaingia ukumbini na wajukuu, anawaonyesha jina lake ukutani, halafu anawaeleza kwa nini tumbawe lake limejikunja.

Ukaazi ndio unaomwacha mtazamaji mbali kuliko njia nyingine. Anaona mwisho wa safari ambayo hakuwamo. Na mara nyingine anaachwa mbali kweli kweli: kazi zilizozaliwa Kilifi zikaenda kuonwa Euston Road, London. Ni kweli wenyeji walishiriki kuzitengeneza, na hilo lina thamani yake. Bado ningemsihi kila mwandaaji aandike kwenye mkataba kwamba kazi itaonyeshwa kwanza kwa watu ilikotoka.

Kinachobaki

Barafu inaacha maji, picha na kumbukumbu, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Ukaazi unaacha urafiki kati ya watu wawili watatu, ambao wakati mwingine huzaa kazi nyingine miaka mingi baadaye; ni vigumu kuuonyesha urafiki huo kwenye ripoti ya mfadhili. Karakana inaacha vifaa, na mafundi wanaojua kutengeneza vingine.

Kroshia inaacha ujuzi mtaani na vipande vinavyoweza kusafiri. Miji mingi duniani imefuma bustani zake. Kwetu Pwani naona ingekuwa na uzito wa pekee. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mwaka 1998 joto la bahari lililoandamana na El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe hai ya pwani hii. Mvuvi aliyeona bahari ile kabla na baada ana cha kumwambia mwanabiolojia. Mfumaji naye ana uzi mweupe wa kuonyesha kilichopauka.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni mwalimu, una wanafunzi wenye nguvu na chumba kimoja, tazama kwanza karakana. Anza na vifaa vitatu vizuri badala ya kumi vinavyoyumba, na mpe mwalimu wa sanaa mamlaka sawa na ya mwalimu wa fizikia tangu siku ya kuchora ramani. Kama shule haina fundi wa kudumu wa kukarabati, kroshia itakula muda zaidi lakini fedha kidogo sana.

Kama unaongoza kituo cha utafiti na tatizo lenu ni jamii kutowaamini, ukaazi unafaa, kwa sharti kwamba mko tayari kuulizwa maswali yatakayowakera. Mkiwa mnataka tu mabango mazuri ya kueleza kazi yenu, ajirini mchoraji wa mabango, mlipeni vizuri, na msiuite mradi huo mazungumzo.

Kama una tukio moja na tarehe moja, mkutano wa tabianchi kwa mfano, au kumbukumbu ya mafuriko, na unataka hata mtu asiyeingia makumbusho akutane na jambo hilo akielekea kituo cha daladala, chagua kazi moja mahali pa wazi. Shughulikia vibali mapema. Mweke mtu mwenye ujuzi asimame hapo kutwa, ajibu maswali.

Kikundi cha kina mama, ushirika au kanisa lenye watu wengi na fedha chache kina kila kitu kinachohitajika kwa kazi ya mikono mingi, na si lazima iwe kroshia. Ukili, shanga na mabaki ya kanga vina hesabu zake. Mtafute mwalimu wa hisabati aje kujifunza kusuka kabla hajaja kufundisha.

Msanii anayefanya kazi peke yake na kupenda upweke wa kazi atapumua vyema kwenye ukaazi kuliko kwenye karakana, ambako kila siku mtu mwingine anashika kitu chako. Kinyume chake, msanii anayechangamka akiwa katikati ya watu anaweza kunyauka maabarani ifikapo mwezi wa pili.

Na kama ukumbi umeshalipiwa, zimebaki wiki mbili, na hakuna njia kati ya hizi inayowezekana kwa ukamilifu, bado liko jambo moja ambalo mimi sikulifanya. Waite mtafiti na mchoraji wakae meza moja kutwa nzima kabla brashi haijagusa rangi. Mchoraji aulize kwa nini mstari umeshuka. Mtafiti aulizwe ni kitu gani kwenye grafu ile kinachomnyima usingizi, na hicho ndicho kichorwe.